Mwezi wa Tatu, Tarehe Tisa

Mpelelezi Luther Maris alikuwa na tabia moja iliyowachosha makarani wote wa mahakama ya kaunti: hakuamini nakala. Kila karatasi iliyonakiliwa kwa ajili ya kesi aliiweka kando ya ile ya asili, akapitisha kidole mstari kwa mstari kama mtu anayechambua mchele. Leo ilikuwa Ijumaa asubuhi, na kesi ya Fintan Garvey ilikuwa isikilizwe Jumatatu. Mji wa Sedgely ulikuwa umekwisha kumnyonga Mwairishi huyo kwa mdomo. Iliyobaki ilikuwa kamba tu.

Maris ndiye aliyemkamata, na aliona kazi ile imekwenda sawa. Joel Pusey, fundi wa vielelezo, yaani mifano ya mbao ya vyuma vipya, katika kiwanda cha Nathan Thornbury, alikutwa amekufa Jumatatu ya tarehe kumi na moja, chini ya ngazi ya chumba cha vielelezo, kichwa kimepasuka. Daktari alisema amelala pale tangu Jumamosi jioni. Ndani ya sanduku la zana la marehemu, Maris mwenyewe alikuta barua imekunjwa mara mbili. Kesho yake Garvey alikuwa ndani.

Barua ilikuwa fupi, na sasa alikuwa akiisoma tena: *Mwezi wa 3, tar. 9. Joel Pusey, ukiupeleka Washington ule ulimi uliopinda, nitakuvunja kichwa. Vidole vyangu ndivyo vilivyoulipia. F.G.*

Kidole chake kikahamia kwenye nakala, kikasimama mstari wa kwanza.

"Rauch," aliita. "Hapa umebadilisha."

Gottlieb Rauch, karani Mjerumani mwenye masharubu yaliyojichovya katika kila kikombe cha kahawa, alikuwa anachonga kalamu dirishani. "Nimebadilisha nini, Bwana Maris?"

"Tarehe. Barua inasema mwezi wa tatu, tarehe tisa. Wewe umeandika Machi 9."

"Aa, hilo. Niwie radhi, ni mazoea. Kila wiki nakusahihishia ripoti zako, mpaka mkono unasahihisha wenyewe. Nilidhani ni wewe uliyeandika."

"Hii si ripoti yangu. Ni barua ya Garvey."

"Haya, nitairudia." Rauch alipuliza vumbi la kalamu. "Kumbe Waairishi nao siku hizi wanaandika kama nyinyi Marafiki?"

Alisema kwa utani, akarudi kwenye kalamu yake. Maris alirudisha kidole kwenye mstari wa kwanza wa barua, kikabaki pale.

Mimi na wewe tunasema mwezi wa tatu mchana na usiku na hakuna anayetugeukia. Lakini Pennsylvania ya mwaka ule wa 1878 mtu alikuwa anajianika kwa maneno hayo. Watu wote walisema Machi. Ni Marafiki tu, dhehebu la watu wa kofia pana wasioapa na wasioshika bunduki, waliokataa jina hilo kwa kuwa linatokana na Marsi, mungu wa vita wa Warumi. Kwao miezi ilikuwa wa kwanza mpaka wa kumi na mbili, na siku vivyo hivyo, kuanzia Siku ya Kwanza. Mkatoliki kutoka Ireland asingeandika hivyo hata kwa kulipwa.

Maris alizaliwa katika jamii hiyo. Walimtenga alipokuwa na miaka ishirini, siku aliyochukua bunduki kwenda vita ya kuwakomboa watumwa, na tangu hapo aliacha kofia pana, akajifunza kuwaita wakubwa Bwana. Ila mazoea ya tarehe zile hayakumtoka mkononi. Barua ile aliisoma zaidi ya mara ishirini, akakagua karatasi, akakagua wino, akaulinganisha ulegevu wa herufi na mwandiko wa mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Mstari wa kwanza aliupita kila mara, kama mtu anavyopita kizingiti cha nyumba ya mama yake bila kutazama chini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Aliichukua barua, akavaa kofia, akatoka bila kumuaga Rauch.

Jela ilikuwa ng'ambo ya barabara. Garvey alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mbao, bakuli la maharage na nyama ya chumvi limewekwa kando bila kuguswa. Alikuwa mfunga breki wa reli kwa miaka kumi na mitatu, na mkono wake wa kulia ulilisema hilo kabla yeye hajafungua mdomo: dole gumba na kidole cha mwisho ndivyo vilivyosalia. Wafunga breki wote walikuwa hivyo. Walisimama kati ya mabehewa mawili yanayokutana, wakaelekeza pete ya chuma kwa mkono, wakatumbukiza pini, na aliyechelewa nukta moja aliacha vidole pale. Ndiyo maana kiungio kipya cha Thornbury, kinachojifunga chenyewe mabehewa yakigusana, kilimpa jina kwenye magazeti: Mwokozi wa Vidole. Na ndiyo maana Garvey, kila akilewa, alisimama kwenye lango la kiwanda akipiga kelele kwamba chuma kile kimetokana na vidole vyake, kwa kuwa ni yeye aliyekwenda kumweleza Joel Pusey jinsi mabehewa yanavyokula watu.

Maris alimpa karatasi na kalamu, akamwambia aandike jina lake na tarehe ya leo.

"Safari hii nimemuua nani, Bwana?" Garvey aliuliza, lakini aliandika, kwa mkono wa kushoto, polepole, ulimi nje. *Fintan Garvey. Machi 22.*

"Ulimi uliopinda ni nini?"

"Ni huo wa wakili wangu."

"Nauliza kweli, Garvey. Kwenye kiungio."

Garvey alimtazama kwa tahadhari ya mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka. Akaeleza kwamba kiungio anachokijua yeye kina ndoana, ndoana iliyonyooka, ile waliyoijaribu uwanjani kabla ya Krismasi mbele ya mji mzima, nayo ikakatika mara mbili. Ulimi hakuwahi kuuona. Hata barua alisomewa tu siku ya kukamatwa, akadhani ulimi ni tusi.

"Ulisema hayo siku hiyo?"

"Nilisema. Ulikuwa unaandika kitu kingine."

Maris alikunja karatasi, akaitia mfukoni pamoja na barua. Alitaka kumwambia hapo hapo, na hakumwambia. Alikwisha kukosea mara moja juu ya mtu huyu. Akimpa tumaini kisha akakosea tena, itakuwa amemnyonga mara mbili. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Ukweli mwingine ni kwamba aliona haya.

Kaunti ilikuwa imejaa Marafiki, kwa hiyo tarehe peke yake haikumfikisha mbali. Aliyemjia kwanza akilini alikuwa Barclay Hoopes, msimamizi wa karakana, Rafiki wa kofia na koti, ambaye wiki ile ya kifo aligombana na marehemu mbele za watu kwa ajili ya mbao za mwaloni. Maris alimkuta uwanjani akihesabu magurudumu, akamhoji wamesimama.

Ikawa njia isiyokwenda popote. Jumamosi ile Hoopes alikuwa kwenye kikao cha robo mwaka cha Marafiki, maili kumi na nane kutoka pale, na watu arobaini walikula naye chakula cha jioni, akiwamo shangazi yake Maris mwenyewe. Kuhusu ulimi uliopinda, Hoopes alisema hata yeye hajui. Tangu ndoana ikatike, Joel alijifungia katika chumba cha vielelezo akitengeneza kitu kipya chini ya kitambaa, na chumba hicho kilikuwa na funguo mbili.

"Ya Joel na ya nani?"

"Ya Nathan Thornbury." Hoopes alitoa jina hilo bila Bwana mbele yake, kama Marafiki wafanyavyo, hata kwa mtu anayewalipa. "Kwani hukumuuliza, Luther Maris?"

Maris alisema atamuuliza.

Alipanda ngazi ya ofisi taratibu, akijikumbusha alichofanya siku kumi na moja zilizopita. Katika kiwanda hiki aliwahoji watu thelathini na wanane. Kwa Thornbury alikuwa na swali moja tu, lango linafungwa saa ngapi siku za Jumamosi. Mzee alijibu saa kumi, akashukuriwa.

Nathan Thornbury alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alianza akiwa mwanagenzi wa kutengeneza magurudumu ya mikokoteni, na sasa moshi wake ulionekana kutoka vijiji vitatu. Alikaa mezani amevaa kofia, koti la kijivu lisilo na kola. Ukutani nyuma yake zilitundikwa hataza sita kutoka Washington, kila moja ikithibitisha kwamba kitu fulani kilibuniwa na yeye na si mwingine, na kando ya ile ya sita kulikuwa na msumari mtupu. Mezani palikuwa na kitu chini ya kitambaa.

"Keti, Luther Maris. Unazidi kufanana na mama yako."

Maris hakuketi. Alifunua kitambaa. Kilikuwa kiungio cha mbao, kidogo cha kukaa kiganjani, na mdomoni mwake ulimi uliopinda kama kidole kinachoita. Alikisukuma kwenye cha pili kilichokuwa kando yake. Vikashikana kwa mlio mdogo.

"Nani amekiunda?"

"Kilitengenezwa humu kiwandani."

"Sikuuliza wapi."

Maris alitandika barua mezani, akaielekeza kwa Thornbury. Alijua hana kitu cha kuonyesha mahakamani. Mwandiko ulifichwa, na tarehe ile wangeweza kuiandika watu elfu mbili. Alichokuwa nacho ni kumjua mtu. Marafiki hawaapi, kwa sababu anayeapa anakiri kwamba siku nyingine husema uongo. Ndiyo yao ni ndiyo, hapana yao ni hapana, na Nathan Thornbury alikuwa ameuza chuma miaka thelathini na minane kwa neno lake tu, bila hati.

"Nathan Thornbury, sikuapishi. Hata Biblia sikuja nayo. Nataka neno moja. Barua hii hukuiandika wewe? Sema hapana, nami nateremka ngazi ile, na juu ya jambo hili sitarudi kwako tena."

Chini yao nyundo ya mvuke ilikuwa ikipiga. Ilipiga mara nyingi.

"Mashine ya kukata bolti niliibuni nikiwa na miaka ishirini na mitatu," Thornbury alisema. "Ghalani kwa baba mkwe wangu. Ya pili niliiota, nikaamka nikaichora juu ya mlango."

"Sikukuuliza hayo."

"Najua ulichoniuliza." Alitazama ukuta, si Maris. "Zote sita ni zangu. Nakwambia hivyo na ni kweli. Kisha likaja giza, Luther Maris. Miaka tisa sikupata wazo hata moja. Nilikuja hapa kila asubuhi, nikachonga penseli. Ndoana ile ilikuwa yangu, na uliona ilivyokatika. Joel akakaa wiki mbili na kipande cha mti wa cheri, akapata."

"Naye akataka fedha?"

"Afadhali angetaka. Alitaka jina lake liandikwe." Mzee alivuta pumzi. "Ombi la hataza hutaka mbunifu aape kwamba ni wa kwanza kubuni. Sisi tusioapa tunaruhusiwa kuthibitisha tu kwa neno. Joel akanisimamisha juu ya ngazi, akasema, wewe Nathan hutaapa, utathibitisha. Basi thibitisha kwangu kwanza. Niambie usoni kwamba ni yako."

"Ukamwambia?"

"Sikuweza. Mdomo ulikataa. Mkono ndio uliosema."

Maris alikuwa na kalamu mkononi lakini hakuandika.

"Kumsukuma ilikuwa nukta moja," Thornbury alisema. "Kwa hilo ningeweza kumwomba Mungu. Lakini barua ilinichukua saa nzima. Nilikaa hapa, yeye amelala kule. Nikatumia mkono wa kushoto kwa kuwa Garvey ni wa kushoto. Nikakumbuka makelele yake ya langoni. Nikaharibu karatasi tatu. Nilifikiria kila kitu."

"Isipokuwa tarehe."

Mzee aliinama juu ya barua, akaisoma mstari wa kwanza, akakaa akiutazama.

"Tarehe mtu haifikirii," alisema hatimaye. "Wewe umeisoma mara ngapi?"

"Ishirini na zaidi."

"Na hukuona."

"Sikuona."

Walitazamana. Maris alimchukia kwa swali hilo, na alijua kwamba swali ni la haki. Wote wawili walifundishwa kuandika kwenye benchi lile lile la shule ya Marafiki, chini ya fimbo ya mwalimu mmoja.

"Ungemwacha anyongwe?"

"Siku za Kwanza mbili nimekaa kikaoni, kila mtu kimya, anayesukumwa na Roho asimame aseme. Nilishika benchi la mbele yangu ili nisimame. Mara zote mbili. Kisha wazee wakapeana mikono, kikao kikaisha." Thornbury alivua kofia. Maris hakuwahi kumwona bila kofia, hata siku mama yake Maris alipozikwa. "Hakuna aliyeniuliza. Nilijiambia, Luther Maris akija akiniuliza, sitasema uongo. Ulikuja. Ukaniuliza saa ya kufunga lango."

Maris alisogeza wino upande wa mzee. Alimwambia aandike yote, kwa mkono wa kulia. Mzee aliandika kurasa mbili na nusu bila kufuta neno, akathibitisha kwa jina lake, kisha kwenye ukurasa wa mwisho akaongeza mstari mmoja ambao hakuombwa: kwamba kiungio chenye ulimi uliopinda kilibuniwa na Joel Pusey, na si mwingine. Akaomba dakika moja aning'inize ufunguo wa chumba cha vielelezo kwenye msumari wa saba. Maris alimruhusu. Kisha wakateremka pamoja, na wafanyakazi walipomwona bosi wao kichwa wazi, nyundo moja baada ya nyingine zikanyamaza.

Jaji alitia saini hati ya kumwachia Garvey saa tisa alasiri. Maris aliibeba hati mwenyewe, ingawa si kazi yake. Mlinzi alifungua mlango wa seli, akamkuta Garvey amesimama, kwa kuwa habari ilikwisha kumfikia kupitia dirishani.

"Ni mzee?" Garvey aliuliza.

"Ni mzee. Amekiri."

"Ulijuaje?"

Maris angeweza kusema ni uchunguzi. Neno lilikuwa tayari ulimini. Badala yake alitoa barua, akamwonyesha mstari wa kwanza, akamweleza kwamba Mwairishi haandiki vile, na kwamba wanaoandika vile ni watu wa kwao yeye Maris.

Garvey alichukua muda kuelewa. Alipoelewa hakupaza sauti.

"Hii umegundua lini, Bwana?"

"Leo asubuhi."

"Na barua ilikuwa kwako tangu lini?"

"Tangu siku tuliyomkuta Joel."

Garvey alihesabu kwa mkono wa kushoto, vidole vikamwishia, akahamia mkono wa kulia, akatumia vile viwili alivyokuwa navyo, akabaki na siku nne zisizo na kidole cha kuzihesabia.

"Dada yangu Nuala alifukuzwa nyumba ya kupanga siku ya pili," alisema. "Mama mwenye nyumba alimwambia hawezi kulaza damu ya muuaji. Sijui alipo."

"Nitamtafuta."

"Nitamtafuta mwenyewe." Alivaa koti, akafunga vifungo kwa taabu, na Maris aliyetaka kusaidia akazuia mikono yake. Mlangoni Garvey aligeuka. "Utaandika ripoti?"

"Nitaandika."

"Basi andika tarehe zote mbili. Siku uliyoipata na siku uliyoisoma."

Akaenda zake. Maris alibaki, akaketi kwenye kitanda cha mbao, akaweka karatasi gotini. Mlinzi alimwambia ofisini kuna meza; akasema hapa panatosha. Akaandika ya kwanza: *Mwezi wa 3, tar. 11.* Akaandika ya pili: *Mwezi wa 3, tar. 22.* Halafu juu ya ukurasa, pale ambapo Rauch angepaona kwanza, akaandika kwa herufi kubwa kwamba tarehe hizi zisisahihishwe.